Mara mbili ya upande gani? Jibu kwa fundi wa Ujiji kuhusu pembetatu za nyuzi 30, 45 na 60

Swali lililonifikia kutoka Ujiji linasema hivi: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi seremala. Binti yangu wa kidato cha pili alipewa pembetatu mraba yenye pembe ya nyuzi 30 na pembe ya nyuzi 60. Upande unaotazamana na nyuzi 60 una sentimita 9, akaambiwa atafute pande mbili zilizobaki. Aliandika kwamba hipotenusi ni sentimita 18, akakosa, naye anasisitiza kuwa walifundishwa hipotenusi ni mara mbili. Mimi niliishia darasa la saba. Nilimchorea ile pembetatu kwa vipimo kamili, nikapima kwa rula, nikapata sentimita 10 na milimita 4, lakini sikuweza kumweleza kwa nini. Hayo majibu yenye alama ya kipeuo yanatoka wapi, na mtoto atajuaje lini aweke kipeuo cha 2 (√2) na lini cha 3 (√3)?"

Marahaba, ndugu fundi. Nianze kwa kukutoa wasiwasi: kipimo chako ni sahihi. Hipotenusi ya pembetatu ile, yaani upande mrefu unaotazamana na pembe ya nyuzi 90, ni sentimita 6√3, ambayo ni 10.39 hivi, na upande wa tatu ni sentimita 3√3, takriban 5.20. Rula yako imesema kweli.

Binti naye hakukosea kanuni. Kanuni aliyoishika ni ya kweli, ila ameipeleka kwenye upande usiohusika. Katika pembetatu yenye nyuzi 30, 60 na 90, hipotenusi ni mara mbili ya upande mfupi kuliko zote, ule unaotazamana na nyuzi 30. Yeye alipewa upande unaotazamana na nyuzi 60, akauzidisha kwa 2 kana kwamba ndio mfupi. Kosa hili nimelisahihisha katika madaftari hapa Tabora mwaka hadi mwaka, na mara nyingi mwenye kulifanya ni mwanafunzi mwenye bidii, aliyekariri maneno "mara mbili" vizuri kabisa bila kuona yametoka katika umbo gani. Kwa hiyo ni heri tulitazame umbo lenyewe, na kwa bahati njema wewe una vifaa vya kulitazamia kuliko nilivyo navyo mimi darasani.

Chukua kipande cha plaiwudi uchore juu yake pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa, tuseme kila upande sentimita 20. Huhitaji kifaa cha kupimia pembe. Piga mstari wa sentimita 20, funga penseli kwenye uzi wa urefu huohuo, shikilia uzi kwenye ncha moja ya mstari uchore tao, kisha hamia ncha ya pili uchore tao jingine. Pale matao mawili yanapokatana ndipo penye kilele. Pande zikiwa sawa, pembe nazo huwa sawa, na kwa kuwa pembe za pembetatu yoyote hujumlika kuwa nyuzi 180, kila moja hapo ni nyuzi 60. Sasa teremsha mstari kutoka kilele hadi katikati kabisa ya kitako, kisha pitisha msumeno juu ya mstari huo.

Unabaki na vipande viwili vinavyolingana. Shika kimoja mkononi ukikague. Pembe ya chini, ile ya nje, ni ileile ya nyuzi 60, maana msumeno haukuigusa. Pembe ya kilele imegawanywa katikati, kwa hiyo imebaki nyuzi 30. Pale msumeno ulipokutana na kitako pana nyuzi 90. Upande wa mteremko haukuguswa, bado una sentimita 20, na kitako kilichokatwa nusu kina sentimita 10. Hapo ndipo "mara mbili" ilipozaliwa: hipotenusi ni upande mzima wa pembetatu ya mwanzo, na upande mfupi ni nusu ya upande wa namna hiyohiyo. Ukingo wa tatu ni njia aliyopita msumeno. Huo haukuwa upande wa pembetatu ya mwanzo hata kidogo, kwa hiyo hauna sababu yoyote ya kuwa nusu ya hipotenusi. Huo ndio upande unaotazamana na nyuzi 60, na ndio ambao binti aliuzidisha kwa 2.

Urefu wa njia hiyo ya msumeno tunaupata kwa kanuni ya Pythagoras, ambayo bila shaka unaikumbuka tangu darasa la saba: ukizidisha kila upande kwa wenyewe, jumla ya majibu ya zile pande mbili fupi hulingana na jibu la hipotenusi. Tuuite upande mfupi 1, basi hipotenusi ni 2. Mbili mara mbili ni 4. Toa 1 mara 1, inabaki 3. Upande tunaoutafuta ni ile namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 3, nayo ndiyo kipeuo cha pili cha 3, tunachokiandika √3. Hakuna namba nzima wala sehemu inayoweza kufanya kazi hiyo barabara; ukiikadiria kwa desimali ni 1.732. Kwenye plaiwudi yako, msumeno utakuwa umepita sentimita 17.3. Kwa hiyo pande za kipande hiki, kuanzia mfupi, zina uwiano wa 1 kwa √3 kwa 2, na uwiano huo haubadiliki hata kama kipande ni kidogo kama kabari au kikubwa kama ubavu wa nyumba, mradi pembe ni zilezile.

Turudi kwenye sentimita 9. Tulichopewa ni upande wa √3, wala si upande wa 1. Kabla ya kuzidisha chochote kwa 2, ni lazima kwanza turudi kwenye upande mfupi, na njia ya kurudi ni kugawa: 9 kwa √3. Hapa wanafunzi wengi huogopa, lakini hesabu yenyewe ni nyepesi ukiifungua. Tisa ni 3 mara 3, na 3 ni √3 mara √3. Kwa hiyo 9 ni 3 × √3 × √3. Ukigawa kwa √3, kipeuo kimoja kinaondoka na kinabaki 3√3. Huo ndio upande mfupi. Sasa, na sasa tu, tunazidisha kwa 2: hipotenusi ni 6√3. Ukitaka kuhakiki, 3√3 ikizidishwa kwa yenyewe ni 27, 9 kwa yenyewe ni 81, jumla 108. Na 6√3 kwa yenyewe ni 36 mara 3, ambayo nayo ni 108.

Ningependa binti aishike tabia moja kuliko fomula yoyote: katika pembetatu ya nyuzi 30 na 60, popote ulipopelekwa na swali, nenda kwanza kwenye upande mfupi. Ukipewa hipotenusi, igawe kwa 2. Ukipewa upande wa kati, ule unaotazamana na nyuzi 60, ugawe kwa √3. Ukishausimamia ule mfupi, pande nyingine mbili zinapatikana kwa kuzidisha tu. Na kila anapomaliza, aangalie kama mpangilio unakubaliana na macho: upande mrefu kuliko zote lazima utazamane na nyuzi 90, na mfupi kuliko zote utazamane na nyuzi 30.

Wewe unaijua pembetatu hii kwenye paa, hata kama hujawahi kuiita jina. Tuchukue nyumba yenye upana wa mita 8, unayotaka kuipiga kenchi zenye mwinamo wa nyuzi 30. Kutoka ukutani hadi katikati ya nyumba ni mita 4. Mbao ya mteremko inapanda kutoka ukutani kwa nyuzi 30, na kule juu mgongoni inakutana na nguzo ya kati kwa nyuzi 60. Zile mita 4 zinatazamana na pembe gani? Zinatazamana na ile ya juu, ya nyuzi 60. Hili ni swali la binti neno kwa neno, ila badala ya sentimita 9 pana mita 4. Upande mfupi, ambao ni nguzo ya kati, ni 4 kugawa kwa √3, yaani mita 2.31, mbao ya mteremko ni mara mbili ya hiyo, mita 4.62, kabla hujaongeza urefu wa kutokeza nje ya ukuta. Sasa fanya kama alivyofanya binti: chukua mita 4 uzizidishe kwa 2. Utakata mbao ya mita 8, nayo ikisimamishwa ukutani na kufikia katikati ya nyumba, mgongo wa paa utakuwa karibu mita 7 juu ya ukuta, kwa mwinamo wa nyuzi 60. Mwonyeshe mchoro wa mapaa hayo mawili kwa kipimo kimoja kwenye karatasi moja. Nimewafanyia hivyo wanafunzi wangu kwa kutumia ubavu wa bani la kukaushia tumbaku, umbo ambalo wengi wao wamelizoea kutoka nyumbani, na sijaona aliyehitaji maelezo zaidi baada ya kuyaona mapaa mawili yakiwa pamoja.

Swali lako la pili lilikuwa kipeuo cha 2 kinatoka wapi. Hicho kinatoka kwenye mraba. Ukiukata mraba kona kwa kona unapata pembetatu mbili, kila moja ina nyuzi 90 kwenye kona iliyobaki nzima, na kona mbili zilizokatwa zimekuwa nyuzi 45 kila moja. Pande mbili zinazokutana kwenye pembe mraba ni pande za mraba, kwa hiyo ni sawa. Ziite 1 na 1: moja mara moja ni 1, jumla ni 2, na hipotenusi ni √2, ambayo ni 1.414 hivi. Basi jibu la "lini cha 2 na lini cha 3" halihitaji kukaririwa. Kipeuo cha 2 ni mkato wa mraba uliokatwa kona kwa kona, na kipeuo cha 3 ni mkato wa pembetatu yenye pande sawa iliyokatwa katikati. Mtoto akisahau, achore umbo zima, alikate, ahesabu upya. Ni kazi ya dakika moja.

Kuna njia ya kuigusa √2 kwa mkono ambayo ningeomba uifanye naye leo jioni. Chukua karatasi mbili za kawaida za A4, zile za kutolea kopi, ambazo zina milimita 210 kwa 297. Ya kwanza iweke ikiwa imesimama wima mbele yako, kisha ikunje ili ukingo wake mfupi wa juu ulale sawasawa juu ya ukingo mrefu wa kushoto. Bonyeza mkunjo kwa ukucha. Mkunjo huo unaanzia kona ya juu kushoto na kuteremka kwa nyuzi 45, nao ni ulalo wa mraba wenye upande wa milimita 210. Sasa chukua karatasi ya pili isiyokunjwa, uweke ukingo wake mrefu kando ya mkunjo. Vinalingana, ncha kwa ncha. Hilo si jambo la bahati: karatasi za jamii hiyo zilipangwa ili urefu uwe mara √2 ya upana, kwa sababu ni uwiano huo peke yake unaofanya karatasi ikikatwa nusu ibaki na umbo lilelile.

Karatasi hiyo iliyokunjwa ni chombo cha kupimia pia. Miembe tunayo tele hapa Tabora, na ninyi Ujiji vilevile. Mwanafunzi akishika mkunjo wa nyuzi 45 karibu na jicho, ukingo mmoja ukiwa sambamba na ardhi, akirudi nyuma taratibu hadi mkunjo uelekee kilele cha mti, basi umbali kutoka alipo hadi kwenye shina ni sawa na urefu wa mti juu ya jicho lake, kwa kuwa pande mbili za pembetatu hiyo ni sawa. Kama ni mita 14, na jicho lake liko mita 1.5 kutoka chini, mwembe una mita 15.5.

Upande huu wa nyuzi 45 nao una kosa lake la kawaida, ambalo ni kupewa hipotenusi na kuigawa kwa 2. Hipotenusi ikiwa sentimita 10, mwanafunzi anaandika pande ni 5 na 5. Mpe vijiti viwili vya sentimita 5 na kimoja cha sentimita 10, umwambie atengeneze pembetatu: vile viwili vitalala chali juu ya cha tatu, pasiwe na pembetatu yoyote. Kugawa kunakotakiwa ni kwa √2, na 10 kugawa kwa √2 ni 5√2, yaani 7.07. Upande wa kuzidisha ndio wewe unaoutumia zaidi kazini: fremu ya mraba ya sentimita 90 ikihitaji mbao ya mshazari kuishikilia, ulalo wake ni 90 × 1.414, sentimita 127.3.

Watu wamelifahamu jambo hili kwa muda mrefu ajabu. Katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kumehifadhiwa kibamba cha udongo wa mfinyanzi kilichotoka Babeli, nchi iliyo Iraki ya leo, kilichoandikwa kati ya mwaka 1800 na 1600 kabla ya Kristo. Kimechorwa mraba na milalo yake, upande umeandikwa 30, na juu ya ulalo imewekwa namba ya kuzidishia ambayo kwa desimali zetu ni 1.414213, sahihi hadi tarakimu ya sita. Pythagoras alikuwa bado hajazaliwa, na hangezaliwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Huwa nawaeleza wanafunzi habari hii kwa sababu inawaondolea dhana kwamba vipeuo vilibuniwa ili kuwatesa. Vilihitajika na watu waliokuwa wakipima.

Kuna pembetatu ya tatu ambayo najua unaitumia kila unapopiga msingi au kukagua kona: tatu, nne, tano. Unapima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, na kamba ikisoma futi 5 kati ya alama hizo, kona ni skwea. Inafanya kazi kwa kuwa 9 na 16 ni 25. Nayo ni pembetatu maalumu, lakini umaalumu wake uko kwenye pande, ambazo ni namba nzima, wala hauko kwenye pembe. Pembe zake ndogo ni kama nyuzi 36.9 na 53.1. Nasisitiza hili kwa sababu mwanafunzi akiona pembetatu yenye 3, 4 na 5 hupenda kuandika nyuzi 30 na 60 humo, na hapo kila kinachofuata kinaharibika. Faida ya kuifahamu ni kuokoa muda: akipewa 6 na 8 aone mara moja 10, akipewa 5 na 12 aone 13, akipewa 8 na hipotenusi 17 aone 15.

Pengine binti atauliza kwa nini asitumie Pythagoras peke yake siku zote. Pythagoras anataka pande mbili ili akupe ya tatu. Katika swali lake alikuwa na upande mmoja tu. Kilichomwezesha kulimaliza ni pembe, kwa sababu pembe ya nyuzi 30 inabeba ndani yake habari kwamba upande mmoja ni nusu ya mwingine. Hiyo ndiyo taarifa ya pili aliyoikosa. Kwa hiyo akiona upande mmoja pamoja na nyuzi 30, 45 au 60, atumie uwiano. Akiona pande mbili, atumie Pythagoras. Akiona upande mmoja na pembe nyingine, tuseme nyuzi 37, hapo ndipo majedwali ya saini na kosaini, yaani ya uwiano wa pande kwa kila pembe, yanapohitajika, na hakuna mkato wa kipeuo utakaomsaidia.

Jambo moja linalowagusa nyote wawili ni wakati wa kubadili kipeuo kuwa desimali. Darasani abakize 6√3 mpaka mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo namba kamili na 10.39 ni makadirio. Wewe kwenye kazi huna budi kubadili, lakini badili mwishoni na usikate tarakimu mapema. Katika ile kenchi ya mita 8, ukitumia 1.7 badala ya 1.732, mbao ya mteremko itatoka mita 4.71 badala ya 4.62, na tofauti ya karibu sentimita 9 inatosha kuufanya mgongo wa paa usifunge.

Nakuachia swali moja la kumpa, ambalo linaunganisha pembetatu zote mbili. Pembetatu mraba ya nyuzi 45 ina hipotenusi ya sentimita 6√2. Mmoja wa pande zake mbili zilizo sawa ni wakati huohuo upande wa pembetatu nyingine ya nyuzi 30, 60 na 90, na katika hiyo ya pili unatazamana na nyuzi 60. Atafute hipotenusi ya pembetatu ya pili. Mwache achore kwanza. Atagawa 6√2 kwa √2 apate 6. Atajiuliza kama 6 ndiyo upande mfupi, aone siyo. Atagawa kwa √3 apate 2√3, kisha atazidisha kwa 2 apate 4√3, ambayo ni sentimita 6.93. Akikuletea 12, mrudishe kwenye kile kipande cha plaiwudi, umwombe akuonyeshe kwa kidole ni ukingo gani ulipitiwa na msumeno.